Kutoka *A-* Hadi *Li-*: Upatanisho wa Kisarufi katika Mazungumzo ya Marafiki kuhusu Filamu za Kutisha

Ikisiri

Marafiki wanaposimuliana filamu ya kutisha hawana picha, muziki wala giza la ukumbi; wana lugha tu. Makala haya yanaeleza namna Kiswahili kinavyowawezesha kuijenga upya hofu ya filamu kwa kutumia upatanisho wa kisarufi. Hoja kuu ni kwamba msimulizi anapomtoa mhusika katika upatanisho wa A-WA na kumwingiza katika ule wa LI-YA, hakosei sarufi. Anatangaza, kwa kiambishi kimoja, kwamba aliyekuwa mtu sasa ni kitu kingine. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa filamu za zamani na za karibuni, kwa majina ambayo Kiswahili kimewapa viumbe wa kutisha, na kwa nafasi ya msikilizaji. Sehemu ya mwisho inajadili upande wa hatari wa nyenzo hiyo, kwa kuwa kiambishi kinachomwondolea zombi utu kinaweza kumwondolea utu jirani pia.

Istilahi muhimu: ngeli, upatanisho wa uhai, filamu za kutisha, usimulizi, utu

1.0 Utangulizi

Utafiti wa filamu katika idara za Kiswahili umeelekea zaidi kwenye filamu zenyewe: maudhui yake, wahusika wake na lugha ya mazungumzo yaliyomo. Yanayosemwa baada ya filamu kwisha, pale marafiki wanapokutana kibarazani, kwenye daladala au bwenini na mmoja akawasimulia wenzake alichokitazama, yamehesabiwa kuwa soga. Hata hivyo, watu wengi wa Afrika Mashariki wamezifahamu filamu nyingi kwa njia hiyo kabla ya kuziona, na wengine hawakupata kuziona kabisa. Vibanda vya video vilipoenea mijini, vilikwenda pamoja na sanaa ya kufasiri filamu kwa mdomo, ambayo Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamejipatia majina makubwa kwayo. Kile ambacho wafasiri hao hukifanya mbele ya kipaza sauti, marafiki hukifanya kila siku bila malipo.

Filamu za kutisha zinastahili kuangaliwa peke yake kwa sababu ni ngumu kusimulia. Kisa cha mapenzi au cha mapigano kinaweza kuelezwa kwa muhtasari na bado kikaeleweka. Filamu ya kutisha ikielezwa kwa muhtasari hupoteza kile kilichoifanya itazamwe: msikilizaji anaambiwa kwamba maiti iliamka, anaelewa, wala haogopi. Msimulizi mzuri ni yule anayeweza kumtisha mwenzake adhuhuri juani. Swali la makala haya ni hili: anawezaje?

Sehemu ya jibu inajulikana. Msimulizi hutumia kiambishi cha *-ka-* kusukuma matukio, kisha hukiacha ghafla na kuingia wakati uliopo, ili msikilizaji ajione yumo ndani ya nyumba ile. Hutumia tanakali za sauti mahali pa muziki wa filamu: kimya *jii*, giza *totoro*, damu *chururu*. Hupunguza sauti na kusogea karibu. Mbinu hizi ni za fanani wa ngano, na zimeelezwa vya kutosha katika vitabu vya fasihi simulizi. Iliyoelezwa kidogo ni mbinu ya nne, ambayo imo ndani ya sarufi yenyewe, nayo ni upatanisho. Sentensi za mifano zinazofuata zimetungwa kwa madhumuni ya ufafanuzi, kwa kufuata namna ya usemi ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua.

2.0 Kiumbe cha kutisha na mipaka ya ngeli

Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu chake *The Philosophy of Horror* (1990), anaeleza kwamba kiumbe cha filamu au hadithi ya kutisha huogopesha kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: ni cha hatari, na ni najisi. Unajisi huo unatokana na kuvuka mipaka ya makundi ambayo utamaduni umeyaweka. Kiumbe hicho ni mfu na bado ni hai; ni mtu na bado ni mnyama; kina mwili na bado hupenya ukutani. Hapa Carroll anamtegemea mwanaanthropolojia Mary Douglas, ambaye katika *Purity and Danger* (1966) alionyesha kwamba jamii hukiona kuwa najisi kile kisicho na mahali katika mpangilio wake wa mambo.

Kwa mzungumzaji wa lugha isiyo na ngeli, makundi hayo yako katika fikra na mila. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili yako pia kinywani. Haiwezekani kusema sentensi iliyokamilika kuhusu kiumbe yeyote bila kuamua ni wa kundi gani, kwa sababu kitenzi kinadai kipatanishi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote visivyo watu. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Lazima mtu achague *ki-*, *li-*, *u-*, *i-* au *ku-*, na kila chaguo hubeba maana yake.

Sarufi za Kiswahili, tangu Ashton (1944) hadi vitabu vinavyotumika vyuoni leo, zinakubaliana kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine. Tunasema *kipofu ameanguka*, *kiboko anaogelea*, *jambazi amekamatwa*. Kanuni hii kwa kawaida huelezwa kama jambo la umbo na maana ya nomino. Lakini msingi wake ni uamuzi kuhusu kinachozungumziwa: je, kina uhai na utashi? Pale jibu linapokuwa na shaka, upatanisho nao huyumba. *Maiti* husemwa *imezikwa* na wengi, ilhali *marehemu* lazima *amezikwa*, ingawa mwili ni ule ule. *Mzimu* ni *umetokea* kwa mmoja na *ametokea* kwa mwingine. Hata neno *kiumbe*, ambalo makala haya yanalitumia, huandikwa *kiumbe huyu* na *kiumbe hiki* na waandishi wanaoheshimika.

Ushahidi mkongwe zaidi tunao katika methali: *Zimwi likujualo halikuli likakwisha*. Zimwi lina uhai, lina njaa, lina kumbukumbu na linaweza hata kuwa na huruma kidogo. Pamoja na hayo, kipatanishi cha kiima *li-* kinajitokeza mara tatu katika sentensi hiyo fupi, na kirejeshi *-lo* mara moja. Zimwi limenyimwa A-WA. Kwa hiyo mtu anayesema *zombi limeamka* halegezi Kiswahili kwa athari ya filamu za kigeni. Anafuata njia ambayo wasimulizi wa ngano waliipita kabla ya sinema kuvumbuliwa.

3.0 Majina: mnyonya damu, msukule na zombi

Mazungumzo ya marafiki kuhusu filamu hizi huanza na majina, na majina hayo yana historia.

Kiumbe wa kwanza ni yule anayekunywa damu. Filamu ya Kijerumani *Nosferatu* ya F. W. Murnau (1922) ilitokana na riwaya ya Bram Stoker, *Dracula* (1897), bila idhini ya warithi wake, na mahakama iliamuru nakala zake ziteketezwe, baadhi zikanusurika. Robert Eggers aliitengeneza upya mwaka 2024. Marafiki wakizilinganisha kwa Kiswahili, kiumbe huyo huwa *mnyonya damu*, na jina hilo lilishakuwa na wenyewe. Katika siasa za Ujamaa, *mnyonyaji* alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Kabla ya hapo, wakati wa ukoloni, uvumi kuhusu *mumiani* na *wazimamoto* wanaoteka watu na kuwatoa damu ulienea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na mwanahistoria Luise White ameuchambua katika *Speaking with Vampires* (2000). Katika matumizi yote hayo, anayenyonya damu ni mtu mwenye akili na mpango. Ndiyo maana hata katika usimulizi wa filamu hubaki katika A-WA: *anasema*, *anawakaribisha wageni*, *anasaini hati ya nyumba*. Uovu wake unatokana na utashi, na sarufi inamwachia utashi huo.

Kiumbe wa pili ni mfu anayetembea. Wazungumzaji wa Tanzania wana neno *msukule*: mtu anayedhaniwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua na kumtumikisha. Dhana hii iko karibu sana na ile ya Haiti iliyolipa neno *zombi* umaarufu wake, neno ambalo asili yake huhusishwa na lugha za Afrika ya Kati, hasa Kikongo. Katika *White Zombie* ya Victor Halperin (1932), ambamo Bela Lugosi ni bwana wa kiwanda cha sukari nchini Haiti, wafu hao wanasukuma mtambo usiku na mchana bila ujira. Hapo *msukule* ni tafsiri sahihi kabisa. Kiini cha hofu ni utumwa, na katika kisa hicho mtazamaji anamwogopa bwana zaidi ya mtumwa wake.

Lakini filamu iliyowafanya mazombi wawe kama tunavyowajua leo, *Night of the Living Dead* ya George A. Romero (1968), imewaondolea bwana. Wafu wanaamka bila kuitwa na mtu, hawafanyi kazi ya mtu, wanakula watu. Tukiwaita *misukule* tunaingiza mchawi ambaye filamu haina. Jambo la kuvutia kwa mwanaisimu ni kwamba neno *zombi* lenyewe halitamkwi katika filamu hiyo. Wahusika wanasema juu ya “vitu vile”, na watangazaji wa habari wanatumia neno la Kiingereza lenye asili ya Kiarabu, *ghoul*. Jina la zombi walilipewa baadaye na watazamaji, katika mazungumzo kama haya tunayoyajadili.

Mjadala wa majina haujaisha. Katika *28 Days Later* ya Danny Boyle (2002), wanaoshambulia hawajafa. Wameambukizwa virusi vya ghadhabu, nao wanakimbia. Rafiki mmoja atasema *mazombi yanakimbia*. Mwingine atamsahihisha: *wale si mazombi, wale ni wagonjwa*. Masahihisho hayo yanahusu jina na upatanisho kwa pamoja. Mara tu wanapoitwa wagonjwa, wanarudi A-WA, na pamoja nao linarudi swali ambalo *yanakimbia* lilikuwa limelizima: je, ni halali kuwaua?

4.0 Upatanisho unaobadilika katikati ya usimulizi

Mpaka hapa tumeona chaguo moja kwa kila kiumbe. Nguvu kubwa ya mbinu hii hujitokeza pale upatanisho unapobadilika kwa mhusika yule yule ndani ya kisa kimoja. Chukua mfano huu wa kisa cha mazombi:

(1) *Yule dada akaumwa begani. Akaanguka. Akatulia tuli. Tukadhani amekwisha. Mara likafumbua macho, likainuka.*

Hakuna nomino mpya iliyoingia kati ya *akatulia* na *likafumbua*. Kwa kanuni ya kawaida, kiima cha kitenzi cha mwisho kingekuwa bado *yule dada*, na kipatanishi kingekuwa *a-*. Msimulizi hakusema kwamba dada amegeuka, wala hakulitaja zombi. Kiambishi *li-* peke yake kimebeba tukio zima, na msikilizaji amelipata kwa kasi ambayo sentensi kama *kumbe amekuwa zombi* isingeifikia.

Mfano wa pili unatoka katika *The Thing* ya John Carpenter (1982), inayohusu kiumbe kinachoiga umbo la chochote kinachokimeza, katika kituo cha utafiti Antaktika:

(2) *Mbwa akaingia bandani, akajilaza kati ya wenzake. Wenzake wakaanza kunguruma. Mara uso ukapasuka, likatoa minyiri.*

Hapa hatua ni tatu. Mbwa ni *a-*. Kisha uso unapasuka, na uso ni *u-*. Kwa muda mfupi hakuna kiumbe kwenye sentensi, kuna kiungo tu. Ndipo *li-* inaingia. Msimulizi amepitisha mabadiliko katika ngeli ya kati, kama fundi anayeficha kiungio cha mbao.

Huenda msomaji akapinga kwamba *li-* hapa ni ukubwa tu au dharau, kama katika *lijitu* au *lizee*. Ni kweli kwamba ukuzi na dharau vimo katika ngeli hii, na pengine ndivyo vilivyoifungua njia. Lakini ukubwa hauelezi mfano wa (1). Dada hakukua wala umbo lake halikuongezeka. Kilichobadilika ni hadhi yake miongoni mwa walio hai. Tena, katika mazungumzo ya Kiswahili cha mitaani Nairobi, ambako *i-* huchukua kazi ya ngeli nyingi zisizo za uhai, msimulizi angeweza kusema *ikafumbua macho, ikainuka*, na hofu ingekuwa ile ile pasipo ukuzi wowote. Lililo la msingi ni kutoka A-WA. Anakoelekea mhusika hutegemea lahaja na mazoea ya msemaji.

Ubora wa hoja hii unapimwa pia pale msimulizi anapokataa kubadilisha. Katika *Train to Busan* ya Yeon Sang-ho (2016), filamu ya Korea Kusini, baba anaumwa akimlinda binti yake mdogo. Anajua kitakachofuata. Akiwa nyuma ya kichwa cha treni, mabadiliko yakianza, anamkumbuka mtoto siku alipozaliwa, anatabasamu, kisha anajiachia na kuanguka. Mantiki ya (1) ingeruhusu *likaanguka*. Lakini msimulizi aliyeielewa filamu atasema *akajiachia*, na atabaki na *a-* hadi mwisho, kwa sababu filamu nzima inasimama juu ya hilo: baba alikufa akiwa bado mtu. Yeyote atakayesema *likaanguka* atakuwa amesimulia filamu nyingine.

5.0 Kuchelewesha jina

Upatanisho humsaidia msimulizi pia kuficha. Katika *Jaws* ya Steven Spielberg (1975), papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu aliharibika mara kwa mara, na mwongozaji akalazimika kuonyesha maji, pezi na nyuso za watu badala ya mnyama mwenyewe. Zaidi ya saa moja hupita kabla ya papa kuonekana waziwazi. Msimulizi wa Kiswahili ana namna yake ya kuonyesha maji bila papa:

(3) A: *Kuna kitu mle ndani.*
B: *Kitu gani?*
A: *Sijui. Kinapumua tu.*
B: *Enhe?*
A: *Kikasogea mlangoni. Kikanyamaza. Wee! Likavunja mlango!*

Ngazi zinaonekana. Kwanza *ku-*, ya mahali: kinachojulikana ni kwamba mahali pale si patupu. Kisha *ki-*, ya kitu kisichotambulika: kipo, kinapumua, lakini hakina umbo wala ukubwa. Mwishoni *li-*, pale kinapojidhihirisha kwa nguvu. Kila ngazi huongeza taarifa kidogo, na msikilizaji hupanda pamoja na msimulizi. Anayeanza na *li-* amemaliza kisa kabla ya kukianza.

Hapa ndipo ugumu wa kufasiri kichwa cha riwaya ya Stephen King ya mwaka 1986, *It*, unapoonekana. Andy Muschietti aliitolea filamu mwaka 2017. Kichwa hicho ni kiwakilishi tu, na utisho wake uko katika kukataa kutaja. Tukisema *Hicho*, tumekifanya kitu kidogo au kisichojulikana. Tukisema *Hilo*, tumekwisha kulikuza. Wasimulizi hawahangaiki na kichwa. Wanautawanya ugumu huo katika kisa chote. Kiumbe kikiwa katika umbo la mchekeshaji aliyejipaka rangi usoni, *anatabasamu* na *anamwita mtoto* kutoka mferejini. Mdomo unapofunguka kupita kiasi cha binadamu, *linamng'ata*. Kile ambacho Kiingereza kimekifungia katika neno moja, Kiswahili kinakieneza katika mwendo wa ngeli.

Jambo linalofanana na hilo limo katika *Halloween*, pia ya Carpenter (1978). Muuaji ana jina, Michael Myers, lakini katika orodha ya waigizaji yule aliyevaa kinyago anaitwa “Umbo”. Watengenezaji wa filamu walitaka mtazamaji asahau kwamba nyuma ya kinyago kuna mtu. Msimulizi anayesema *lijamaa limesimama tu ng'ambo ya barabara* amefika mahali pale pale kwa nyenzo za lugha yake.

6.0 Msikilizaji na filamu za wakereketwa

Ngano huanza kwa fanani kuita *Paukwa!* na hadhira kuitika *Pakawa!* Bila itikio hilo hakuna ruhusa ya kuendelea. Marafiki hawaitani hivyo, lakini *enhe* ya B katika mfano wa (3) inafanya kazi hiyo hiyo. Msikilizaji akiacha kuitika, msimulizi hujua kwamba hofu imepungua au kwamba imezidi.

Kuna filamu ambazo uhai wake wote unategemea hadhira ya namna hii. Kwa kukosa istilahi iliyokubalika, napendekeza tuziite *filamu za wakereketwa*, kwa kuwa mkereketwa ni mtu anayekipenda kitu kwa dhati na kukitetea hata kama wengi wamekikataa. *Filamu pendwa* haitoshi, kwani filamu ya wakereketwa mara nyingi huanza kwa kutopendwa. *The Thing* haikupokewa vizuri ilipotoka. Iliokolewa na kanda za video na wale walioendelea kuizungumzia. *The Rocky Horror Picture Show* (1975) nayo haikufanikiwa mwanzoni, hadi maonyesho ya usiku wa manane mjini New York yalipozaa desturi ya watazamaji kuijibu skrini kwa sauti, kwa maneno yanayojulikana na wote.

Karibu nasi, *Who Killed Captain Alex?* ya Nabwana I.G.G. (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, imepata wakereketwa duniani kote. Ni filamu ya mapigano, lakini inatufaa kwa jambo moja: nakala inayojulikana zaidi ina sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayechekesha, anayesifu na anayetania juu ya picha. Kwa wageni huo ulikuwa mtindo mpya wa ajabu. Kwa wale waliokulia kwenye vibanda vya video, ilikuwa filamu iliyokuja na rafiki yake.

Filamu za kutisha za Kitanzania za miaka ya mwanzo ya karne hii, kama *Nsyuka* na *Shumileta* za Mussa Banzi, nazo zilipata maisha marefu katika masimulizi. Zote mbili zimebeba jina la pekee, na jina la pekee huvuta upatanisho wa A-WA. Msimulizi anayetaka kutisha hulazimika kuliweka jina kando kwa muda, aseme *lile*, kisha alirudishe.

7.0 Upatanisho na utu

Kama *li-* inaweza kumtoa mtu katika kundi la watu ndani ya kisa, inaweza kufanya hivyo nje ya kisa pia. Kiswahili kinalijua hili. *Zeruzeru* limeachwa katika usemi wa heshima na nafasi yake kuchukuliwa na *mtu mwenye ualbino*, ili neno *mtu* litangulie na upatanisho wake usiwe na shaka. Vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika sehemu za Tanzania walianza kwa kusemwa. Anayesema *lizee lile linaroga* ameshafanya, kwa sarufi, kile alichofanya msimulizi wa mfano wa (1). Tofauti ni kwamba bibi yule hakubadilika. Babu katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, *Babu Alipofufuka* (2001), ni mfu aliyerudi, lakini kichwa cha kitabu kimempa *a-*: amekuja kumwonyesha mjukuu wake alikopotea, na anayekuja kuonya hawezi kunyimwa utu.

Filamu bora za kutisha huifahamu hatari hii. Katika *Get Out* ya Jordan Peele (2017), miili ya watu weusi inapigwa mnada ili wazungu waliozeeka wahamie ndani yake. Mtu anafanywa chombo, yaani *ki-*. Filamu inafunguka na wimbo wa Kiswahili wa Michael Abels, “Sikiliza Kwa Wahenga”, ambamo sauti zinamwonya mhusika akimbie kabla hajajua kuna nini. Marafiki wanaojua Kiswahili watabishana kuhusu sarufi ya kichwa hicho, kwani wangetarajia *Wasikilize wahenga*. Lakini watakubaliana kwamba wao, tofauti na mhusika na watazamaji wengine wengi, wameonywa mapema, na walioonya ni wale ambao kwetu ndio wenye methali. Wahenga wamekufa, nao ni *wa-*.

Mfano mzito zaidi umo katika *Night of the Living Dead*. Ben, kijana mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anapambana usiku kucha ndani ya nyumba iliyozingirwa, na ndiye pekee anayefika asubuhi. Kundi la wanaume wenye bunduki linapita likisafisha eneo. Ben anasogea dirishani kuwatazama. Wanamwona, wanadhani ni mmoja wa “vitu vile”, wanampiga risasi ya kichwa, na mwili wake unaburutwa kwa kulabu na kuchomwa moto pamoja na mingine. Kwa lugha ya makala haya, waliomuua walifanya kosa la upatanisho: palipokuwa na *a-* wao walisoma *li-*. Msimulizi mwangalifu wa filamu hiyo hufikia hapa akiwa ametumia *li-* mara nyingi, naye hutulia na kusema *wakampiga risasi*, kwa *-m-* ya mtu. Msikilizaji aliyezoea *wakalipiga* tangu mwanzo wa kisa huisikia tofauti hiyo, na ndani yake mna hukumu yote juu ya wauaji.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba upatanisho wa ngeli ni nyenzo ya usimulizi wa kutisha katika Kiswahili, kwamba una mizizi katika lugha ya ngano na methali, na kwamba msimulizi huutumia kugeuza, kuficha na kuhukumu. Yapo mambo matatu ya kuzingatiwa. Mwalimu anayesahihisha insha ya simulizi asikimbilie kuweka alama ya kosa kwenye *likainuka*. Aulize kwanza aliyeinuka ni nani wakati huo. Mtayarishaji wa maandishi ya chini ya filamu akifanya kila kiumbe kuwa *a-* kwa kufuata kanuni ya darasani, au kila kisichojulikana kuwa *ki-*, atakuwa amezima taa ambayo msimulizi wa kibarazani huiwasha na kuizima kwa makusudi. Na mtafiti anayetaka data ya upatanisho wa uhai, ambayo kwa kawaida hutafutwa katika matini zilizoandikwa, anaweza kuipata palipo na marafiki wawili, mmoja aliyeiona filamu na mwingine ambaye bado. Kazi hiyo ya kurekodi na kuchambua masimulizi halisi kutoka Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi, ambako mifumo ya upatanisho inatofautiana, ndiyo itakayoonyesha hoja hii ina mipaka gani.